Saa 112 kwenye karatasi: kisa cha mtoto wa mashine ya kupumulia aliyekosa manesi wa nyumbani

Mtoto alikuwa na miezi kumi na moja madaktari walipoandika kwenye faili lake kwamba hakuna tena sababu ya kitabibu ya kumweka wodini. Aliruhusiwa siku 78 baadaye. Katika siku hizo hakupata homa, hakufanyiwa upasuaji, na mipangilio ya mashine yake haikubadilishwa. Alikuwa anasubiri manesi wa kumhudumia nyumbani.

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika familia za Marekani zenye watoto wanaoishi kwa mashine na kutibiwa kwa bima ya umma ya Medicaid. Mtoto, familia na jimbo hawatajwi, na hesabu za saa na siku ni za kielelezo. Sheria, taratibu na vifaa ni vile vile vinavyotumika.

Mtoto mwenyewe

Alizaliwa njiti, wiki ya 25, akiwa na gramu 740. Mapafu hayakukomaa, na miezi ya kusaidiwa kupumua iliyaacha na makovu. Akiwa na miezi mitano alitobolewa tundu la shingoni, yaani trakeostomia, akaunganishwa na mashine ya kupumulia. Maziwa yake yanapita kwenye mrija wa tumboni. Wazazi wake walitoka mashariki ya Kongo, na Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani. Yeye mwenyewe amezaliwa Marekani. Baba anafanya kazi ya ghala zamu ya usiku, mama ameacha kazi ya usafi hotelini, na wapo dada zake wawili wanaosoma shule ya msingi.

Ili kuelewa kwa nini mtoto huyu anahitaji nesi na si yaya, tazama bomba lake. Ni namba 4.0, maana yake kipenyo cha ndani ni milimita 4. Makohozi mazito yakikauka humo, hewa inakatika ndani ya dakika chache. Tena mtoto wa trakeostomia mara nyingi kilio chake hakisikiki, kwa sababu hewa inatoka shingoni kabla ya kufika kwenye nyuzi za sauti. Mzazi aliyelala chumba cha pili hana cha kumwamsha zaidi ya kengele ya mashine, na kengele hailii kwa kila tatizo. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2016 wa chama cha madaktari wa kifua cha Marekani, American Thoracic Society, ulipendekeza mambo mawili kwa watoto wa aina hii: awepo wakati wote mtu aliyefundishwa na aliye macho, na wafundishwe watu wa familia wasiopungua wawili. Neno zito hapo ni "macho". Wiki ina saa 168, na hakuna wazazi wawili wanaoweza kukesha saa zote hizo huku mmoja wao akienda kazini.

Wodini mama na baba walifundishwa kubadilisha bomba, kunyonya makohozi, kupumulisha kwa mkono na kufufua. Kunyonya kuna kipimo. Katheta inaingizwa hadi alama iliyopimwa mapema, mwisho wa bomba tu, bila kuisukuma mpaka igonge. Nguvu ya mashine ya kunyonya inawekwa kati ya 80 na 100 kwa milimita za zebaki, na kila mnyonyo hauzidi sekunde kumi. Kisha walilala na mtoto saa 24 chumbani peke yao, manesi wa wodi wakikaa nje ya mlango na kuingilia pale tu hatari inapotokea. Walifaulu.

Barua ya daktari na saa 112

Huduma iliyoombwa ni ile ya nesi kukaa na mtoto mmoja kwa zamu ndefu nyumbani. Watu huichanganya na huduma ya nesi anayepita nusu saa kubadilisha bandeji, na kosa hilo likiingia kwenye fomu, ombi linarudishwa. Nguvu yake kwa watoto inatoka kwenye sehemu ya sheria ya Medicaid iitwayo EPSDT, iliyoanza mwaka 1967 na kutiwa meno mwaka 1989. Inasema hivi: mtu aliye chini ya miaka 21 akithibitika kuhitaji kitabibu huduma iliyomo kwenye orodha ya sheria ya Medicaid, jimbo limpatie, hata kama halijaiweka huduma hiyo kwa watu wazima. Kwa hiyo kikomo cha saa kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mpango wa bima, yaani kampuni inayosimamia Medicaid kwa niaba ya jimbo, si mwisho wa maneno kwa mtoto. Kinachoamua ni uhitaji wake.

Uhitaji unathibitishwa kwa barua, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza saa kabla hata hazijapewa. Barua ya kwanza ya daktari ilikuwa na mistari sita: mtoto ana ugonjwa sugu wa mapafu, anatumia mashine, anahitaji uuguzi. Yote ni kweli, lakini hayamsaidii anayehesabu saa. Barua ya pili ilitaja kazi na marudio yake: kunyonya makohozi mara 10 hadi 20 kwa siku na mara 3 hadi 6 usiku, kushuka kwa oksijeni kunakohitaji mtu kuamua hapo hapo kama anyonye, abadilishe bomba au apumulishe kwa mkono, dawa ya kuvuta kila saa nne, chakula cha mrija mara tano kwa siku, mara ngapi bomba limeziba au kuchomoka wodini, na kilichofanyika. Ilieleza kwamba kazi hizi zinahitaji uamuzi wa muuguzi. Ikaeleza pia saa za kazi za baba, watoto wengine waliomo nyumbani, na kwamba mama hawezi kukesha usiku na kuhudumia mchana.

Mpango wa bima ukaidhinisha saa 112 kwa wiki, sawa na 16 kwa siku. Mratibu wa wodi alifanya jambo dogo lenye faida kubwa: aliomba idhini iandikwe kwa wiki, isiandikwe kwa siku. Saa 16 zikifungwa kwenye siku, Jumanne isiyo na nesi imekufa nazo. Zikiandikwa kwa wiki, Alhamisi inaweza kubeba sehemu ya Jumanne.

Kulikuwa na mtego mwingine ambao karibu umnase. Mtoto aliyelazwa muda mrefu anaweza kupata posho ya ulemavu ya SSI, na katika majimbo mengi Medicaid pamoja nayo, bila kipato cha wazazi kuhesabiwa. Akirudi nyumbani, kipato hicho kinaanza kuhesabiwa. Yaani kitendo cha kwenda nyumbani chenyewe kinaweza kumtoa kwenye bima inayolipia nyumbani. Mgongano huu ulijulikana nchi nzima mwaka 1981 kupitia mtoto wa Iowa, Katie Beckett, ambaye Medicaid ilimlipia hospitali lakini si nyumbani, mpaka Rais Reagan akautaja hadharani. Mwaka uliofuata sheria ikayapa majimbo njia ya kuhesabu kipato cha mtoto peke yake. Kwa mtoto wetu, malipo ya baba ya saa za ziada yangeivusha familia juu ya kiwango. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali aliomba njia hiyo kabla ya mtoto kuruhusiwa, si baada.

Siku 78

Idhini ilitoka siku ya 13. Siku 65 zilizobaki zilikuwa za kutafuta watu.

Shirika la kwanza la uuguzi wa nyumbani lilisema "tunaye kwenye orodha". Wiki tatu baadaye hapakuwa na jina hata moja. La pili lilikuwa na nesi anayeishi umbali wa saa moja na robo kwa gari. La tatu halikuwa na mkataba na mpango huu wa bima. Mratibu alikuwa anawapigia mmoja baada ya mwingine, akisubiri jibu la huyu kabla ya kumwendea yule, na hilo ndilo kosa la kwanza kubwa katika kisa hiki. Ombi lilipaswa kwenda kwa mashirika yote siku moja, likiwa na ratiba ya zamu zinazotakiwa na ngazi ya ujuzi, pamoja na ruhusa ya mashirika mawili au matatu kugawana mtoto mmoja.

Lakini hata mratibu hodari angekuta kisima hakina maji ya kutosha. Jimbo linaweka bei ya saa ambayo shirika linalipwa. Kutoka humo hutoka mshahara wa nesi, kodi za mwajiri, bima ya ajali kazini, msimamizi anayetembelea nyumba, ofisi ya ratiba na mafunzo. Kinachobaki mkononi mwa nesi kwa kawaida ni kidogo kuliko anachopewa hospitalini, na hospitalini kuna likizo yenye malipo, kuna wenzake wa kumsaidia akizidiwa, na hakosi zamu kwa sababu mgonjwa mmoja hayupo. Majimbo mengine hulipa saa ya mtoto wa mashine sawa na saa ya mtoto asiye na mashine, na usiku wa Jumapili sawa na mchana wa Jumatano. Nesi ataacha nini na kuchagua nini, hapo hahitaji kuelezwa.

Lipo la chini zaidi ya hayo. Mtoto akilazwa tena kwa nimonia wiki mbili, malipo ya nyumbani yanasimama siku ileile. Nesi anayetegemea saa 40 za mtoto huyo anabaki bila kipato, shirika linampa mtoto mwingine, naye harudi. Familia inatoka hospitalini na kukuta timu imesambaratika. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Kanuni ya malipo ndiyo iliyotawanya watu. Vivyo hivyo mafunzo: nesi mpya anatakiwa afuatane na nesi mwenyeji zamu mbili tatu ndani ya nyumba, lakini bima nyingi hazilipi manesi wawili kwa saa moja. Matokeo yake mama ndiye anayekuwa mwalimu wa kila nesi mpya, akisimama kando ya kitanda badala ya kulala.

Wakati huo wote Medicaid iliendelea kulipa kitanda cha hospitali, ghali kuliko nyumbani, bila kuuliza lolote. Utafiti uliofanyika Minnesota na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba siku nyingi mno, kiasi cha tisa kati ya kumi, ambazo watoto wa aina hii walizidisha hospitalini zilitokana na kukosa manesi wa nyumbani.

Nyumbani, wiki kumi na mbili za kwanza

Mtoto aliruhusiwa akiwa na manesi wawili. LPN mmoja, yaani nesi wa leseni ya ngazi ya kati, alichukua usiku wa Jumatatu hadi Alhamisi, saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi, jumla saa 40. RN mmoja, nesi aliyesajiliwa wa ngazi ya juu zaidi, alichukua mchana wa siku mbili, saa kumi na mbili kila siku, jumla saa 24. Jumla 64 kati ya 112. Baba hupumzika usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo hizo alikesha yeye. Usiku wa Jumapili baba alikuwa ghalani, nesi hayupo, na mama alikuwa peke yake kuanzia saa tatu usiku mpaka asubuhi, baada ya siku nzima ya kumhudumia mtoto.

Kabla ya kuondoka wodini familia ilitayarisha mambo ambayo hayategemei nesi. Ukutani juu ya kitanda palibandikwa karatasi yenye namba ya bomba, alama ya katheta, mipangilio ya mashine na dawa. Mfuko wa dharura ulining'inizwa mahali pamoja na haukuhamishwa: bomba la namba 4.0, bomba la 3.5 kwa ajili ya tundu likianza kujifunga, kamba za shingo, mkasi, kilainishi cha maji, katheta, mashine ndogo ya kunyonya yenye betri, mfuko wa kupumulisha kwa mkono na barakoa yake. Kampuni ya umeme ilipelekewa barua ya daktari ili nyumba iandikwe kwamba ina mgonjwa wa mashine. Betri ya akiba ilichajiwa kila Jumapili. Kituo cha zimamoto na gari la wagonjwa kilicho karibu kiliarifiwa kwamba mlango ule una mtoto wa trakeostomia.

Kisha ikaanza rejista, na hii ndiyo kazi iliyobeba kisa chote. Daftari la shule, mistari mitano kwa kila siku: saa zilizoidhinishwa, saa zilizopangwa, saa zilizotolewa, sababu ya pengo kama ilivyosemwa na shirika, na nani alikaa na mtoto. Mtu akipiga simu kusema nesi haji, mama aliandika saa ya simu na jina la aliyepiga. Wiki kumi na mbili zilipotimia hesabu ilikuwa hivi: saa zilizoidhinishwa 1,344, zilizotolewa 682. Pengo la 662 lilikuwa na sehemu mbili zisizofanana. Saa 576 hazikuwahi kupangiwa mtu tangu mwanzo. Saa 86 zilipangwa lakini nesi hakufika: usiku mitano na michana mitatu.

Tofauti hiyo si ya kihasibu tu. Saa 86 ni tatizo la shirika na nesi wa akiba. Saa 576 ni tatizo la mpango wa bima na jimbo, kwa sababu ndio wenye wajibu wa kutafuta watoa huduma. Bila rejista yote mawili yanaitwa "uhaba wa manesi", na uhaba hauna mtu wa kuandikiwa barua.

Barua ya kupunguza

Wiki ya 13 mpango wa bima ulituma barua kwa Kiingereza: kuanzia tarehe fulani saa zitakuwa 84. Sababu zilikuwa mbili. Kumbukumbu za uuguzi zinaonyesha mtoto yuko imara. Na familia haijatumia saa zote ilizopewa.

Sababu ya pili inauma. Saa ambazo mpango wenyewe umeshindwa kuzijaza zimegeuzwa ushahidi kwamba hazihitajiki. Hutokea mara nyingi kiasi kwamba mtu anayesimamia mtoto wa aina hii aisubiri, si ashangae. Jibu lake ni rejista: kila saa iliyopotea ina sababu yake, na hakuna hata moja iliyokataliwa na familia.

Sababu ya kwanza ilitokana na manesi wenyewe, bila wao kukusudia. Moja ya kumbukumbu za usiku ilisema: "Mtoto amelala vizuri. Amenyonywa inavyohitajika. Hakuna tatizo." Usiku uleule kumbukumbu ya mashine ya kupima oksijeni inaonyesha kushuka mara nne. Nesi aliandika hivyo kwa sababu aliyamudu yote, na kwake usiku uliomudiwa ni usiku mwema. Anayesoma ofisini anaona mtoto asiyehitaji nesi. Kumbukumbu inayolinda saa za mtoto huandikwa namna hii: "Saa nane na dakika kumi usiku oksijeni ilishuka hadi 84. Makohozi mazito ya njano, nilinyonya mara tatu, nikapumulisha kwa mkono pumzi kumi. Ilirudi 95 baada ya dakika tatu." Wapo wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani wanaoifanya kazi hii ya LPN, au ya CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, kila usiku; wajue kwamba mstari huo mmoja una uzito kuliko barua ya rufaa ya kurasa tano.

Barua ilikaa juu ya friji siku saba. Dada mkubwa aliisoma na kumwambia mama kwamba ni habari za bima. Siku ya nane ofisa ustawi wa jamii alipiga simu ya kawaida ya kujulia hali, mkalimani akiwa kwenye laini, akauliza: "Mama, kuna barua yoyote imekuja? Imeandikwa tarehe ngapi?" Hapo ndipo ilipojulikana.

Siku ya nane ilikuwa bado ndani ya muda, na muda huu ni wa kushika kama namba ya dharura. Mpango wa bima unaosimamia Medicaid ukipunguza huduma, familia ina siku 60 za kukata rufaa ya ndani. Lakini ili mtoto aendelee kupata saa zake za zamani wakati rufaa inasikilizwa, ombi la rufaa pamoja na ombi la kuendelea na huduma vinapaswa kufika ndani ya siku 10 tangu barua kutumwa, au kabla ya tarehe ya mabadiliko, ile itakayochelewa zaidi. Wengi hukata rufaa siku ya 40, wakiwa na haki kamili ya kusikilizwa, huku saa zimekwisha kukatwa. Rufaa ya ndani ikikataliwa, kuna siku kati ya 90 na 120, kutegemea jimbo, za kuomba shauri lisikilizwe na jimbo. Familia ielezwe pia kwamba huduma iliyoendelea inaweza kudaiwa ikiwa rufaa itashindwa, ingawa hilo lisiwafanye waogope kuomba.

Na mkalimani ni haki, si fadhila. Mpango wa bima na hospitali vinavyopokea fedha za serikali kuu vinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, na havitakiwi kumtumia mtoto kutafsiri isipokuwa katika dharura. Mtoto wa darasa la nne hakupaswa kuwa ndiye anayebeba tarehe ya mwisho ya mdogo wake.

Daktari wa mapafu aliomba kuzungumza ana kwa ana na daktari wa mpango wa bima, akiwa na rejista, kumbukumbu za mashine za usiku 30, na barua mpya. Mazungumzo yalichukua dakika ishirini. Saa 112 zikarudi.

Kutoka 64 hadi 91

Kurudishiwa saa 112 hakukumleta nesi hata mmoja. Kilicholeta watu ni barua tofauti, iliyoandikwa kwa mpango wa bima na nakala kwenda kwa wakala wa Medicaid wa jimbo. Haikuomba huruma. Ilitaja saa 576 ambazo hazikuwahi kupangiwa mtu, ikataja wajibu wa sheria wa kupanga matibabu ya mtoto na kuyatoa kwa wepesi unaofaa, na ikaomba mambo matatu yenye tarehe: orodha ya mashirika yote yaliyopigiwa na majibu yao, mkataba wa mtoto mmoja na shirika lisilo kwenye mtandao wa mpango, yaani lisilo na mkataba nao, kwa bei ya kukubaliana, na mtu mmoja mwenye jina atakayetoa taarifa kila Ijumaa. La pili lina msingi thabiti katika kanuni za serikali kuu: mtandao ukishindwa kutoa huduma inayohitajika, mpango unatakiwa kuilipia nje ya mtandao, kwa wakati. Lile shirika la tatu, lililokataa mwanzoni kwa kukosa mkataba, ndilo lililopatikana.

Likaleta LPN wa usiku wa Ijumaa na Jumamosi, saa 20, na RN wa mchana mmoja, saa 12. Ratiba ikafika 96. Ukiondoa siku ambazo watu hawakufika, wastani uliotolewa ulikaa kwenye 91.

Mama pia alisomea CNA. Kozi hiyo kwa kanuni ya serikali kuu haipungui saa 75, na majimbo mengi hudai zaidi. Colorado na Arizona ni kati ya majimbo yaliyofungua mlango wa mzazi kulipwa kwa kumhudumia mwanawe kwa njia ya namna hii. Ni msaada wa kweli kwa nyumba iliyopoteza mshahara mmoja, lakini una mipaka. Katika majimbo mengi CNA haruhusiwi kulipwa kwa kazi za kiuuguzi kama kunyonya ndani ya bomba, ingawa mama huyohuyo huifanya bure kila saa. Na kuna hatari ya mpango wa bima kuzitoa saa za mama kwenye zile 112. Familia ilisaini tu baada ya kupata maandishi kwamba ni huduma mbili tofauti. Mama aliyelipwa hajageuka kuwa mtu asiyehitaji usingizi.

Yaliyo juu ya uwezo wa familia moja

Rejista ya nyumba moja ilipata manesi wawili. Mtoto wa nyumba ya pili bado anasubiri, pengine nesi huyuhuyu. Kupanua huduma kwa wote kunahitaji jimbo lifanye lile ambalo mama alilifanya kwenye daftari: kuhesabu saa zilizotolewa dhidi ya zilizoidhinishwa, kwa kila mtoto, kila mwezi, na kuchapisha. Majimbo hujivunia saa wanazoidhinisha. Kuidhinisha bila kujaza hakugharimu kitu.

Mahakama zimeanza kulitazama hivyo. Mwaka 2016, katika kesi ya O.B. dhidi ya Norwood, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliunga mkono amri ya kulitaka jimbo la Illinois lichukue hatua za haraka kupanga manesi kwa watoto waliokwisha kuidhinishiwa. Hoja kwamba jimbo ni mlipaji tu haikupokelewa. Mwaka 2023 Jaji Donald Middlebrooks wa Florida aliamua kwamba jimbo lilivunja sheria ya watu wenye ulemavu kwa kuwaacha watoto wapatao 140 kwenye nyumba za kulelea wagonjwa, akaagiza asilimia 90 ya saa za uuguzi zilizoidhinishwa zitolewe kweli. Jimbo lilikata rufaa, kwa hiyo anayetaka kuitumia aangalie kwanza imefikia wapi. Lakini kipimo chenyewe, asilimia ya saa zilizojazwa, ndicho kipimo sahihi. Kwa kipimo hicho mtoto wetu alianza na asilimia 51.

Bei nayo haikwepeki. California ilipandisha malipo ya uuguzi huu kwa asilimia 50 kuanzia Julai 2018. Nyongeza ya jumla husaidia, ila mimi ningeanza na mambo matatu ya bei ndogo zaidi: nyongeza ya usiku na wikendi kwa watoto wa mashine, malipo ya zamu za nesi mpya kufuatana na mwenyeji, na malipo ya kumshikilia nesi siku kadhaa mtoto anapolazwa. Hilo la tatu lingeokoa timu nyingi kuliko tangazo lolote la ajira.

Mwezi wa saba baada ya kuruhusiwa, baba aliomba ghalani abadilishiwe siku ya mapumziko, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi sasa zina nesi. Alipewa Jumapili. Kwenye daftari usiku wa Jumapili nne za mwezi huo una maandishi yanayofanana: zilizoidhinishwa 10, zilizopangwa 0, zilizotolewa 0, sababu "hakuna mtu", aliyekaa na mtoto "baba". Nakala ya ukurasa huo ilikwenda kwa mpango wa bima siku ya Jumatatu, kama zilivyokwenda zilizotangulia.